Haukuwa Unasikia Avion

Paluku,

Umelala hapa nyuma yangu kwa kitanda, na viatu vipya kwa miguu, juu ulikatala tuvitoe. Ni dimanche muchana, mvua inapiga mabati, na batu ya nyumba beko jikoni pamoja na Koko Kavira, mama ya baba yako. Banacheka. Kesho asubuhi Koko atakupandisha camion ya mizigo na mutaenda Beni, kwake kule Bungulu. Mimi nitabaki hapa Butembo.

Mama yangu alinipa hii cahier ili niandikie Koko mambo yako ya kila siku, bamusomee kule: uji ya namna gani, wimbo gani unakulalisha, unaogopa nini. Nilikamata bic, na hata jambo moja sikuandika. Koko alizaa batoto munane, uji anaijua. Njo vile nilianza kukuandikia wewe, mwenye uko na miaka mine na haujui hata kushika bic. Utasoma hii siku yenye utajua kusoma. Labda nitakuwa karibu yako, labda hapana. Kwa wakati huu wa vita mutu hasemi zaidi ya pale.

Ninaandika kwa Kiswahili. Masœurs, bamasista wa masomo, balitufundisha kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na Kifaransa yangu njo ilikuwa nzuri zaidi. Mwalimu alikuwa anasoma rédaction zangu, zile insha, mbele ya classe yote, na mimi nainamisha kichwa, shingo yangu inakuwa moto. Mais kwa Kifaransa ninajua kudanganya. Mara moja niliandika kurasa mbili juu ya safari yangu kwa bahari, mimi mwenye sijaona hata ziwa. Nilipata point zote. Kwa Kiswahili uongo yangu inaonekana mara moja, kama vile mutu anajificha nyuma ya nguo zenye zinakauka kwa kamba na miguu inabaki inje. Donc, Kiswahili.

Sijui nianze wapi. Kwa kichwa yangu mambo iko inagongana.

Nianze na bugali. Ulikuwa na miaka mbili na nusu, na tulikuwa tunakula bugali na sombe ya majani ya mihogo, sisi wote. Mukono yako ilisimama katikati ya sahani na mudomo. Macho yako ilienda juu, kwa miti ya mikaratusi, na ikabaki kule. Baba yangu aliacha kutafuna.

« Huyu mutoto anaona nini? »

Kisha tulisikia sauti ya ndege, avion. Nyumba yetu iko huku chini ya kilima, na ngambo ya kilima ni Rughenda, kwenye avions zinashuka. Ndani ya vita hii, avion inaweza kuleta chumvi na sabuni, inaweza kuleta basoda pia, na mutu hajui mpaka mulango yake ifunguke. Donc, kila mutu anapenda kuisikia mapema. Na wewe uliisikia mbele yetu wote.

« Eh! » baba yangu alisema. « Huyu iko na masikio ya imbwa! »

Balicheka wote. Wewe ulirudilia bugali yako kama mutu mwenye hakutoka pahali.

Mara ya pili ilikuwa na jirani yetu, Mama Zawadi. Alikuja kuomba moto. Alikukuta umesimama kwa mulango, macho mbali, kidole inachezea kifungo ya shati. « Paluku, kuko nini? » Haukujibu. Alitupa makaa yake pale pale, alikimbia kwake, alificha mabinti yake ndani ya shamba ya ndizi. Haikupita nusu saa, basoda balipita kwa barabara ya chini, banaingia nyumba kwa nyumba. Mabinti ya Mama Zawadi habakuonekana. Kesho yake alikuletea yai mbili za kuchemsha, na mbele ya batu yote alisema: « Huyu mutoto anasikia. »

Kutoka ile siku, batu balianza kupita kwetu bila sababu. Banasalimia, banakaa kidogo, banakuangalia. Banaenda.

Sasa nikuambie ile ilinifanya nini, juu bila ile hautanielewa. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tano. Baba yako Kasereka alienda kuchimba dhahabu Manguredjipa mbele uzaliwe, alisema ni kwa miezi tatu, na barabara ya kule haijamurudisha mpaka leo. Masœurs balinirudisha nyumbani. Na baba yangu, tangu siku yenye tumbo ilionekana, hakuniita tena kwa jina. Alikuwa anasema « huyu ». « Muambie huyu alete maji. » « Huyu amekula? » Mimi ni mutu wa haya tangu kuzaliwa, donc nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimukasirisha zaidi. Miaka tatu ya « huyu ».

Ile mangaribi ya mayai, baba yangu alikuwa inje na wageni, na aliita kwa sauti yenye batu yote balisikia: « Mama Paluku! Leta kiti. »

Mama Paluku. Nilileta kiti. Nilileta na ingine yenye hakuomba.

Kwa hiyo, wakati nilianza kuona ile nilianza kuona, sikutaka kuona.

Ulikuwa unasimama hivyo hata wakati hakuna kitu. Kwa mufereji, nikikuogesha, sabuni kwa mukono. Kwa shamba, na ndizi ndani ya mudomo. Nilikuita: Paluku. Paluku! Nilipiga makofi karibu ya sikio yako. Mara moja nilikufinya, kidogo, unisamehe. Hakuna kitu. Nilikaa chini mbele yako, nikawaza: mutu mwenye anasikia avion ya mbali, namna gani hasikii mama yake mwenye iko hapa? Kisha mate kidogo ilitoka kwa kona ya mudomo, nilipangusa na kikwembe ya kiuno yangu, ulirudi, uliniomba ndizi ingine. Na mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna sauti hata ya nzige.

« Alisikia nini? » mama yangu aliuliza kutoka jikoni.

« Ilipita mbali, » nilisema.

Nilisema hivyo mara mingi. Siku moja nilisema mimi mwenyewe niliisikia.

Usiwaze nilikuwa najua ni ugonjwa. Hapana. Nilikuwa najua tu kwamba haikuwa kusikia. Kati ya ile mambo mbili kuko pori kubwa, na mimi nilijenga nyumba ndani yake nikakaa. Wakati ingine nilikuwa naamini kabisa. Nilikuwa nakuangalia umesimama hivi na nasema ndani ya roho: pengine kuko avions zenye hakuna mutu anasikia isipokuwa yeye. Unaona? Hata mimi mwenye nilikuwa natunga hadisi, nilikuwa ndani ya hadisi.

Kisha kulikuja siku ya maharagwe. Ile sijawahi kumuambia mutu.

Asubuhi risasi ilisikika upande wa barabara ya Manguredjipa, mbali, mara mbili mara tatu. Majirani balianza kufunga mikeka. Sisi tulikuwa na maharagwe imekauka kwa shamba, na mvua ilikuwa karibu, na maharagwe ikinyeshewa imekwisha. Baba yangu alisimama kwa kiwanja na kikapo kwa mukono, hajui akimbie ao avune. Njo aliuliza:

« Paluku anasema nini? »

Wewe ulikuwa unapanga mbegu za avoka chini, moja nyuma ya ingine. Haukuinua hata kichwa. Baba yangu alikuangalia wakati murefu.

« Ametulia, » alisema. « Hakuna kitu. Naenda kuvuna. »

Neno ilikuwa kwa mudomo yangu, Paluku. Ilikuwa neno fupi: baba, usiende, huyu mutoto hajuagi kitu. Niliona kikapo yake. Niliona namna alikuangalia, ile imani yenye hajawahi kunipa mimi. Nilisema: « Baba, chukua kofia, jua itakuwa kali. »

Basoda balimukuta kwa shamba. Balimubebesha masanduku. Siku ine hatukujua kama angali muzima. Alirudi amelala juu ya kipoyi, ile kitanda ya miti ya kubebea bagonjwa, na mguu ya kuume imevunjika pahali mbili. Kitu cha kwanza alisema wakati balimuweka chini kilikuwa: « Hapana kumugombeza mutoto. Ile siku alikuwa amechoka. »

Batu balijaa kwa kiwanja kumupokea. Catéchiste alikuwa pale na shemisi yake nyeupe, ile shati ya kanisa. Mama Zawadi alikuwa pale, na mabinti yake, na jamaa yote ya kilima. Balikalisha baba yangu kwa kiti, mguu juu ya gogo. Mutu moja alianza wimbo wa kumushukuru Mungu. Wewe balikupa kikombe ya maji umupelekee koko yako, baba yangu, na ulikuwa unatembea nayo pole pole kabisa, mikono mbili, juu ulitaka maji isimwangike.

Katikati ya kiwanja ulisimama.

Maji ilianza kumwangika. Kikombe inalala, inalala, na wewe hauangalii.

« Kimya! » Mama Zawadi alilia. « Kimya, batu! Paluku anasikia! »

Ile yenye ilifuata ningeicheka kama ingekuwa ya batu bengine. Batu yote balianguka chini. Ndani ya maharagwe yenye ilikuwa inakauka kwa mukeka, nyuma ya ukuta, chini ya meza. Catéchiste alilala kwa tumbo ndani ya matope, na shemisi nyeupe. Mabibi balivuta batoto chini ya vikwembe. Pale pale hakukusikika hata kikohozi. Baba yangu peke yake alibaki kwa kiti, sababu ya mguu wake.

Na mimi, mwenye nilijua, nililala chini.

Ile njo sielewi mpaka leo. Sio juu ya batu, hakuna mutu alikuwa ananiangalia. Nililala kwa sababu ya pengine. Pengine ile mara ilikuwa kweli. Uso wangu ulikuwa kwa udongo, hatua tatu kutoka kwako, na nilikuwa nasikiliza avion yenye nilitunga mimi mwenyewe.

Ulibaki umesimama peke yako katikati ya batu yote bamelala. Kisha sauti ilitoka kwa shingo yako, kama ya mutu anayeinua muzigo mukubwa kupita nguvu yake, na ulianguka. Mwili ulikuwa mugumu kama ubao. Nyuma ulianza kutetemeka, kichwa inapiga chini, miguu inapiga chini, na mapovu inatoka kwa mudomo. Na batu, unajua balifanya nini? Baliangalia juu. Balikuwa banatafuta ile avion, namna gani iko kubwa hata mutoto anatetemeka vile. Mimi pia niliangalia juu. Mutoto wangu anatetemeka hapa chini na mimi naangalia mawingu.

Kisha sauti moja, sijui ya nani: « Hapana kumugusa! Mutu asiguse mate yake! »

Utakua, utasikia ile. Kwetu banasemaka ile ugonjwa inapita ndani ya mate, mwenye kuigusa anaipata. Mwenye kuanguka anakula kwa sahani yake peke yake, kikombe yake peke yake. Hakuna mutu alinifundisha ile, niliikuta tu ndani yangu, kama vile mutu anakuta anajua kwamba moto inachoma. Ningenyoosha tu mukono, ningekamata mguu yako. Niliangalia ile mukono. Ilikuwa chini, mbele ya uso wangu, kama mukono ya mutu mwengine mwenye aliisahau pale.

Njo nilisikia kiti inaanguka. Baba yangu alijitupa chini. Alitambaa kwa viwiko, ule mguu wa kuvunjika unakokotwa nyuma yake, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu juu ya maumivu. Alikufikia. Alikulalisha kwa ubavu, alivua kofia, ile kofia, akaitia chini ya kichwa yako. Na alianza kukusemesha kwa Kinande, pole pole, maneno yenye anasemesha mbuzi yake ikiwa inazaa. Mate yako ilikuwa kwa mikono yake yote mbili. Mpaka ulitulia, ulilala, suruali imeloa.

Batu baliinuka, banajipangusa. Hakuna avion ilikuja. « Sasa iko wapi? » Mama Zawadi aliuliza, na mutu moja alicheka vibaya, na balienda mumoja mumoja. Ile yai mbili zilikuwa za mwisho.

Baba yangu hakunigombeza. Wakati tulimurudisha kwa kiti, na jasho inashuka kwa masikio, aliniangalia na alisema tu:

« Mama Paluku. Wewe ulikuwa karibu kuliko mimi. »

Sijui kama alisema juu ya ile siku tu, ao hata juu ya kikapo na maharagwe. Sijamuuliza. Niko naishi pamoja naye ndani ya nyumba moja na sijamuuliza.

Tulikupeleka kwa centre ya afya. Infirmier, muuguzi wa pale, ni mutu mupole, anajua nilisoma, alinisemesha kwa Kifaransa ili mama yangu asielewe. Aliniuliza kama mbele ya ile siku ulikuwa unasimamaka wakati fulani, macho imebaki pahali pamoja, mutu anakuita haujibu. Alisema nifikiri vizuri, juu ile njo inamusaidia kuchagua dawa.

« Non, » nilisema. « Jamais. » Hata siku moja.

Kwa accent nzuri sana. Ningesema ndiyo, ningepaswa kusema na ingine yote: na avion, na mayai, na mguu ya baba. Aliandika jamais kwa fiche yako, ile karatasi ya mugonjwa. Alikupa vidonge vyenye alikuwa navyo, na haukuanguka tena, mais kule kusimama hakukuisha, na vidonge vilikwisha, na barabara ilifungwa, na vingine havikukuja. Wiki iliyopita, barabara ya Beni ilipofunguka, aliniambia kule Bungulu kuko dispensaire yenye inapata dawa kutoka Uganda. « Akunywe kila siku, asiruke hata moja. Na muwaambie namna ilianza. »

Vendredi, juzi hii, Koko Kavira alifika. Hatukumuita, alikuja mwenyewe. Anauza mafuta ya mawese na vikwembe, iko na duka yake, ni mama mukubwa mwenye akicheka kiti inalia. Aliingia kwa kiwanja anapiga kelele:

« Radio yetu iko wapi? Nionyesheni radio yangu! »

Balanguzi balimuambia kule Beni: mujukuu wako wa Butembo anasikia basoda mbele bafike. Ile ya kuanguka, hakuna mutu alimufikishia. Alikuvalisha viatu, alikubeba kwa mugongo kuzunguka nyumba yote, wewe unacheka mpaka kwikwi. « Mara mbili basoda balinikuta duka iko wazi, » alisema. « Sasa nitaweka huyu kwa mulango, kwa kiti yake, na biskuti. Akisimamisha macho tu, mimi nafunga. » Na hatuwezi kukatala. Kwetu mutoto ni wa kwa baba yake, hata kama baba yake iko ndani ya shimo ya dhahabu.

Mama yangu alinivuta nyuma ya nyumba. « Funga mudomo. Amupende kwanza. Akisha kumupenda, ile ingine ataizoea. »

Unaona namna iko? Nikinyamaza, utaenda kwenye kuko dawa, na hakuna mutu atajua unaihitaji. Batakukalisha kwa mulango. Na siku moja utakuwa unapanga mbegu za avoka, umetulia, na risasi itaingia, na batakuangalia kama vile mutu haangaliagi mutoto. Nikisema, Koko anaweza kurudi na camion yake bila wewe. Na hapa kuko mimi, mais hakuna dawa. Kule kuko dawa, mais hakuna mimi. Na hii niandike pia: kuko pahali ndani yangu penye panataka akuache. Juu ya ile, sijui nikisema kama nasema kwa ajili yako ao kwa ajili yangu.

Ni siku tatu nafungua mudomo mbele ya Koko. Jana nilimufuata mpaka kwa mulango ya choo. Aligeuka: « Nini, binti yangu? » Nilisema: « Mama, unataka maji ya moto? »

Amekunywa maji ya moto mingi, masikini.

Niliacha kuandika pale. Mvua imekatika sasa.

Koko aliingia humu na mufuko kwa kichwa, anakuja kupanga nguo zako. Kitanda ililia, uliamuka, ulikaa. Ulianza kufungua kamba ya kiatu. Na ulisimama. Vidole kwa kamba, macho kwa dirisha.

« Sss! » Koko aliweka mufuko chini. « Kimya, jikoni! Anasikia! »

Kicheko ya jikoni ilikatika. Mama yangu alitokea kwa mulango na mwiko kwa mukono, na hakukuangalia wewe, aliniangalia mimi. Na Koko Kavira, na uzito wake wote, alikuwa tayari amepiga magoti, anainua blanketi, anatafuta kuingia chini ya kitanda.

Kutoka kwa hii meza mpaka kwa kitanda ni hatua tatu. Nilizitembea. Nilikaa, nilikuweka kwa magoti yangu. Mate ilikuwa imeanza kutoka, na nilipangusa na kiganja, bila kikwembe.

« Mama, » nilisema. « Hasikii kitu. Hata mimi hanisikii. Umuite, utaona. »

« Paluku, » Koko alisema kutoka chini. « Paluku. Eh, Radio! »

Hakuna. Ulikuwa muzito na wa moto kwa mikono yangu, na roho yako inapiga kama kawaida. Kisha ulirudi. Uliangalia Koko yako na magoti chini, kichwa nusu chini ya kitanda.

« Koko, unatafuta nini? »

« Natafuta avion, » alisema.

Njo nilisema yote. Niliisema nikiangalia viatu vyako, shingo inawaka, mambo inatoka bila mpango: maharagwe mbele ya mayai, infirmier mbele ya kikombe. Koko alikuwa anauliza moja moja.

« Na anaangukaka? »

« Mara moja. Anaweza tena. »

« Na mapovu? »

« Iko. »

Mama yangu alianza kulia kwa mulango. Na kutoka chumba ya pili, kwa kiti yenye haachi tena, baba yangu alisema kwa sauti:

« Mimi niliigusa, ile mapovu, mikono mbili. Tangu ile siku nangojea nianguke. Niko na mguu moja mubaya tu, na ile ni ya basoda. »

Donc alisikia yote. Na ya kikapo pia.

Koko aliinuka, kwa shida, anashika kitanda. Alikamata ncha ya kikwembe yake, kipya, ya kuuza, akapangusa kona ya mudomo yako pale penye nilisahau. Aliangalia ile kitambaa mbele ya dirisha wakati murefu, kama vile anaangaliaka rangi kwa jua kama itatoka. Nilingojea aivue. Aliifunga tena kwa kiuno.

« Kumbe radio yetu haina pile, haina betri, » alisema. Hakucheka sana. « Na hizi pile zinapatikana wapi? »

« Kwenu Bungulu. Kwa dispensaire. »

« Basi, niandikie. Mimi sijasoma. Andika vizuri, basinirudishe kwa mulango. »

Njo maana ya huu ukurasa kupasuka. Ile nusu ya chini iko kwa Koko, ndani ya kitambaa chake cha kufungia funguo ya duka. Niliandika kwa Kifaransa, juu ya infirmier wa kule: « Il s'arrête. Il n'entend pas. Cela a commencé bien avant la crise. » Anasimama, hasikii, ilianza zamani mbele ya crise, kule kuanguka. Na chini niliandika kwamba ile jamais ya fiche ya Butembo ni uongo ya mama yake. Ni rédaction yangu fupi kuliko zote. Hakuna bahari ndani yake.

Sasa sijui ingine. Sijui kama Koko atabadilisha mawazo katikati ya njia, akiwa peke yake na wewe ndani ya camion. Sijui kama kule batakula na wewe kwa sahani moja. Sijui kama baba yangu ataniita nani kesho. Ningependa nikuachie kitu cha nguvu, kama bazazi bengine, na niko tu na hii: ukiona siku moja batu bamenyamaza juu yako, ubaambie hausikii kitu. Batakasirika. Baache bakasirike, bainuke kwa matope baende kwao. Na ukiona mutu anaanguka mbele yako, usiangalie juu.

Kiatu imekushinda. Unavuta kamba, unanung'unika, na mimi najifanya sisikii ili nimalize hii mustari.

« Mama Paluku! » baba yangu ameita kutoka kwa kiti. « Mutoto anakuita! »

Naenda. Ni hatua tatu tu.

Masika, mama yako